Kisu cha Daktari na Kijiko cha Mama

Ichukue ramani ya Afrika ya Mashariki, msomaji, uitandaze mezani, kisha uifuate kwa kidole reli itokayo Mombasa. Itavuka nyika, itapanda nchi ya juu, itateremka Bonde la Ufa na kupanda tena, hata ifike mahali ambapo maji ya ziwa yameingia nchi kavu kama mkono ulionyoshwa kuelekea mashariki. Maji hayo ni Ghuba ya Winam, na mji ulioko mwishoni mwake ni Kisumu. Reli ilifika hapo Desemba 1901, na kwa muda mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Vitabu vya shule hupenda kusimulia habari za mji huu kwa reli yake, meli zake, samaki wake na siasa zake. Mimi nataka kukusimulia habari iliyo ndogo zaidi. Ni habari ya mtoto anayezaliwa kando ya ziwa hilo hali mdomo wake wa juu umepasuka, na ya mambo yaliyopasa kutokea kabla kisu cha daktari hakijaweza kumfaa.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mtoto anapoumbwa tumboni, uso wake hautokei mzima kwa mara moja. Vipande hukua kutoka pande mbili na kukutana katikati, mfano wa mafundi wawili wajengao daraja, kila mmoja akianzia ng'ambo yake. Mdomo wa juu huungana baina ya juma la nne na la saba la mimba. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, huungana kabla mwezi wa tatu haujaisha. Pengine vipande hivyo havikutani. Hapo mtoto huzaliwa na ufa mdomoni, au kaakaani, au mahali pote pawili. Katika ulimwengu mzima hutokea kiasi cha mara 1 katika kila watoto 700, kwa matajiri na kwa maskini, na aghalabu hakuna awezaye kusema ni kwa sababu gani mtoto fulani alipatwa naye ndugu yake akasalimika. Waswahili wameita hali hiyo mdomo sungura, na Wafaransa na Waingereza nao, katika lugha zao, walimtaja sungura yuyo huyo. Katika hadithi zetu sungura ndiye mwenye akili kuliko wanyama wote. Hata hivyo sioni kwamba jina la mnyama lamfaa mtoto wa mtu, nami nitasema mdomo uliopasuka. Katika nchi nyingi mama amelaumiwa: amekula kitu kilichokatazwa, ametazama mwezi ulipopatwa, ama amelogwa. Hakuna hata moja katika hayo lililo kweli.

Upasuaji wenyewe si jambo la jana. Katika historia ya Uchina ya zamani za utawala wa Jin imeandikwa habari ya kijana Wei Yongzhi ambaye, karibu na mwaka 390, alikuwa na umri wa miaka 18 na mdomo uliopasuka. Alisikia kwamba yuko tabibu awezaye kumtengeneza, akafunga safari. Tabibu akamwambia kwamba kingo za ufa zaweza kukatwa na kushonwa, lakini kwa siku 100 baadaye atakula uji mwepesi tu, wala hatacheka, wala hatasema. Kijana akajibu kwamba angekubali kunyamaza hata nusu ya maisha yake, seuze siku 100. Alipona, na baadaye akawa gavana. Nakuomba usiipite habari hii upesi. Kushona kulikuwa kazi ya siku moja. Uji ulikuwa kazi ya siku 100. Tabibu yule hakujua lolote juu ya vijidudu wala chembe za damu, lakini alitambua kwamba uzi hauponyi kidonda. Uzi hushika tu; mwili ndio uponyao, na nguvu ya kuponya huipata katika chakula na utulivu.

Kaakaa lilichelewa zaidi, kwa kuwa limo ndani na gizani. Mwaka 1819, mjini Paris, daktari Philibert Roux alilishona kaakaa la mwanafunzi wa udaktari kutoka Kanada, jina lake John Stephenson. Alimshona akiwa macho, maana dawa ya usingizi haikutumiwa mbele ya watu katika upasuaji mpaka mwaka 1846. Stephenson aliweza kusema vizuri baada ya hapo, na miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha mafunzo ya udaktari mjini Montreal. Lakini angalia jambo moja. Wei alikuwa kijana wa miaka 18, na Stephenson alikuwa amepita miaka 20. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuuvuka utoto. Historia huwakumbuka waliovuka. Watoto wachanga waliokufa kabla hawajafika kwa tabibu haikuwaandika.

Basi, ikiwa upasuaji huu ni wa kale hivyo, kwa nini mtoto wa Asembo, wa Nyakach au wa kisiwa cha Rusinga aliendelea kuishi na ufa wake, ama kufa nao? Jibu la kwanza liko wazi: hapakuwa na madaktari. Ni jibu la kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili imo katika damu ya mtoto mwenyewe, nayo ndiyo inayonifanya niandike.

Mwili wa mtu ni mfano wa boma. Ngozi na utando wa kinywa ni ua wake; chembe nyeupe za damu ni walinzi wake; na kingamwili ni alama ambazo kwazo walinzi humtambua adui waliyekwisha kukutana naye. Mtoto mchanga huzaliwa na boma lenye walinzi wasiozoea kazi. Miezi ya kwanza huishi kwa mkopo: hutumia kingamwili za mama zilizompitia katika kondo kabla hajazaliwa, na nyingine zinazomjia kwa maziwa. Maziwa ya siku za kwanza, yale mazito yenye rangi ya manjano yaitwayo dang'a, yana ulinzi huo kwa wingi kuliko maziwa yote yafuatayo. Mama anayeyakamua na kuyamwaga kwa kudhani kuwa ni machafu amemwaga chanjo ya kwanza ya mwanawe.

Sasa mfikirie mtoto ambaye dari ya kinywa chake ina ufa. Huwezi kuvuta maji kwa mrija wenye tundu. Naye vilevile hawezi kuvuta maziwa kwa kinywa kisichofungika. Hushika titi, huvuta hewa, huchoka, hulala na njaa. Maziwa kidogo aliyopata hutokea puani, na mengine hupotea njia yakateremka mapafuni na kuleta homa. Tena, misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija uendao sikioni. Misuli hiyo ikiwa imegawanyika, maji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio na mwisho huwa usaha. Kwa hiyo ufa ule mmoja humnyima mtoto maziwa yenye ulinzi, na papo hapo huwafungulia adui milango miwili, wa mapafu na wa sikio. Uzito wake hauongezeki. Na mtoto aliyekonda hana walinzi wa kutosha, kwa kuwa hata walinzi huumbwa kwa chakula. Afadhali kidogo ni yule ambaye mdomo tu ndio uliopasuka na kaakaa lake ni zima. Wengi wa namna hiyo huweza kunyonya mama akifundishwa jinsi ya kuwapakata.

Mweke mtoto huyo kando ya Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Ni nchi iliyobarikiwa samaki, na maradhi hayakuisahau. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu kwa maelfu visiwani na kandokando ya ziwa, hasa upande wa Uganda. Ndui ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Surua na kifaduro viliwapitia watoto kama moto upitavyo katika nyasi kavu. Wala watu hawakukaa mikono mitupu. Wajaluo walikuwa na desturi iitwayo nak, ya kuwang'oa vijana meno sita ya chini. Wako wasemao ilikuwa alama ya kabila tu. Lakini wazee wengi waliieleza kwa sababu ya pepopunda: mtu akikazika taya, uji upate kumiminwa kinywani kwa kupitia pengo lile. Sina haja ya kuamua ni nani asemaye kweli. Lililo la maana kwetu ni kwamba watu wa ziwa, hapo kabla ya hospitali ya kwanza, walikwisha kufahamu kuwa mgonjwa asiyeweza kulishwa amepotea, hata dawa yake iwe nzuri namna gani.

Lakini adui mkubwa wa nchi hii alikuwa malaria, na ndiye hata leo. Vijidudu vyake huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaana humo, kisha huzipasua. Mtoto anayeshambuliwa mara kwa mara hupauka viganja na macho, hupumua kwa shida, na kila shambulio humkuta na damu chache kuliko lililotangulia.

Juu ya damu na malaria uko uvumbuzi ambao ingefaa kila mwanafunzi wa Kenya aujue, kwa kuwa ulitokana na damu ya watu wa hapa. Anthony Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925 akalelewa Kenya, ambako baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi pamoja na msafara wa chuo chake, akakusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba baadhi ya watu wana chembe nyekundu ambazo, zikikosa hewa safi, hujikunja zikawa na umbo la mundu. Hilo halikuwa geni kwa wataalamu. Geni lilikuwa mahali zilipoonekana. Katika baadhi ya makabila ya pwani ya bahari na ya kando ya ziwa, zaidi ya watu 20 katika 100 walikuwa nazo. Katika watu wa nchi ya juu yenye baridi, hawakufika hata 1 katika 100.

Jiulize, msomaji, kama Allison alivyojiuliza: watu wa Kisumu na watu wa Mombasa, waliotengwa na mwendo mrefu na lugha mbalimbali, wana jambo gani moja ambalo watu wa milimani hawana? Jibu ni mbu. Mwaka 1953 Allison alirudi Afrika ya Mashariki kulijaribu wazo lake. Wajaluo 30, watu wazima, walikubali kutiwa vijidudu vya malaria kwa makusudi, kisha watibiwe. Kumi na watano walikuwa na asili ya mundu katika damu, na kumi na watano hawakuwa nayo. Katika wale wasiokuwa nayo, 14 walishikwa na malaria. Katika wale waliokuwa nayo, walioshikwa ni 2. Leo jaribio kama hilo lingeulizwa maswali mengi kabla ya kuruhusiwa, na ni haki yake kuulizwa. Lakini habari aliyoichapisha mwaka 1954 imesimama: vizazi kwa vizazi vya malaria vilikuwa vimeichagua damu hiyo, kwa kuwa wenye asili ya mundu kutoka kwa mzazi mmoja waliishi wengi zaidi.

Kinga hiyo ina bei yake. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama pia, hupata ugonjwa wa seli mundu: maumivu makali ya mifupa, damu chache, na udhaifu mbele ya maradhi mengine. Rudi sasa kwa mtoto wetu. Chembe za mundu hujikunja zinapokosa hewa, na mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi aweza kukosa hewa asipoangaliwa vema. Kwa hiyo daktari mwangalifu wa kando ya ziwa huitazama damu ya mtoto kwa jambo hili kabla hajagusa kisu.

Madaktari nao walianza kuja. Mwaka 1957 wapasuaji watatu waliojifunza kutengeneza maumbile ya watu walianzisha shirika ambalo sasa laitwa Amref. Mmoja alikuwa Michael Wood, aliyefanya kazi Kenya. Wa pili alikuwa mwalimu wake, Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyepata sifa nchini Uingereza kwa kuzitengeneza upya nyuso za marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Wa tatu, Tom Rees, alikuwa Mmarekani. Fikra yao ilikuwa rahisi: ikiwa wagonjwa hawawezi kufika hospitali, wapasuaji na waende kwa ndege. Watu wakawaita Madaktari wa Ndege. Na ufundi wa kushona mdomo ulikuwa ukiendelea mbele katika miaka iyo hiyo. Mwaka 1955, katika mkutano wa Stockholm, Mmarekani Ralph Millard alionyesha njia mpya ya kuukata na kuuzungusha mdomo ambayo wapasuaji wa dunia nzima waliifuata.

Ndege huleta daktari kwa siku chache. Haiwezi kuleta kilo mbili ambazo mtoto hana. Hili liliwekwa katika hesabu mwaka 1966, wakati madaktari wawili wa Marekani, Wilhelmsen na Musgrave, walipochunguza ni watoto gani hupatwa na madhara baada ya kushonwa mdomo. Kutokana na kazi yao ikaenea kanuni ya makumi, ambayo wanafunzi wa upasuaji huikariri hata sasa. Mtoto awe amepita majuma 10. Awe na uzito wa ratili 10, yaani kilo 4 na nusu. Awe na gramu 10 za himoglobini, ile rangi nyekundu ichukuayo hewa safi, katika kila mililita 100 za damu. Na chembe zake nyeupe zisizidi 10,000 katika tone dogo lipimwalo, maana zikizidi ni dalili kwamba walinzi wanapigana na adui aliyejificha, na si vizuri kuanzisha vita vya pili.

Katika mji wa Marekani wa wakati ule, watoto wengi wangetimiza makumi hayo bila taabu. Kando ya Nam Lolwe kanuni ileile ilikuwa mlima. Mtoto aweza kuwa na gramu 11 katika mwezi wake wa nne, na baada ya malaria mara mbili akawa na gramu 6 katika mwezi wa sita. Mama amemfunga mgongoni, amepanda mtumbwi kisha gari, amefika hospitali. Naye anaambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa damu haitoshi. Kwake yeye ni kama kufukuzwa. Pengine hatarudi tena. Lakini daktari anayemrudisha hakukosea, kwani mwili usio na nguvu huacha uzi ukikata nyama, kidonda hufunguka, na kushona mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Si ajabu kwamba hata Amref, iliyoanza na wapasuaji, kadiri miaka ilivyopita ilizidi kujishughulisha na chanjo, maji safi na mafunzo ya wahudumu wa vijijini.

Hospitali kubwa ya Kisumu ina historia yake yenye huzuni. Ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, na wenyeji wamezoea kuiita Russia. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua, na wakati huo ugomvi baina yake na Jaramogi Oginga Odinga ulikuwa umefika kilele. Maneno makali yalisemwa hadharani, watu wakapiga kelele, risasi zikapigwa, na watu wakauawa siku ileile ya kufungua nyumba ya kuponya. Chama cha Odinga kikapigwa marufuku muda mfupi baadaye. Sasa hospitali hiyo ina jina la Jaramogi mwenyewe, na ni hospitali ya rufani kwa watu wa upande wote wa magharibi.

Hata hivyo yaliyobadilisha hali ya mtoto wetu yalitokea zaidi nje ya vyumba vya upasuaji. Mwaka 1980, mwaka uleule ambao dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha, Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo, na surua, kifaduro, pepopunda na polio vikaanza kurudi nyuma. Kisha vikaja vyandarua. Baina ya 1996 na 1999, vijiji vya Asembo na Gem, magharibi ya Kisumu, vilikuwa mahali pa jaribio kubwa lililoendeshwa na watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani. Baadhi ya vijiji vilipewa vyandarua vyenye dawa mwanzoni, na vingine vilipewa baadaye. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa kiasi cha 16 katika kila 100, na upungufu mkubwa wa damu ulipungua pia. Tena iligunduliwa kwamba hata nyumba zisizo na chandarua zilinufaika zilipokuwa karibu na zenye navyo, kwa sababu mbu wenyewe walikuwa wamekufa. Mtoto mmoja alilindwa na chandarua cha jirani.

Miaka iyo hiyo ukimwi ulikuwa ukiipiga Nyanza kuliko sehemu nyingine za Kenya. Virusi vyake huwashambulia walinzi wenyewe, na kwa muda mama mwenye virusi alikuwa kati ya moto na maji: maziwa yake yalikuwa ulinzi na hatari kwa pamoja. Dawa zilipoenea baada ya mwaka 2000 jambo hili liligeuka. Mama anayezitumia barabara aweza kunyonyesha, na mtoto mwenye virusi anayetibiwa hazuiwi kushonwa mdomo. Hutibiwa kwanza mpaka nguvu zake zirudi, kisha huingia katika zamu kama wenzake. Na tarehe 13 Septemba 2019, huko Homa Bay, Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya malaria, iliyokuwa imejaribiwa miaka ya nyuma kwa watoto wa Kombewa, Siaya na Kilifi.

Huenda ukauliza sasa ni nini hasa kinachofanywa ili mtoto afike mezani akiwa na nguvu. Jambo la kwanza ni kijiko. Mama hufundishwa kukamua maziwa yake, kumkalisha mtoto wima kidogo, na kumnywesha kidogo kidogo kwa kikombe kidogo au kijiko, akingoja ameze. Ni kazi ya saa nzima, mara nane au zaidi mchana na usiku, na mama mwenye shamba na watoto wengine hawezi kuifanya peke yake. Hapo ndipo bibi, shangazi na baba wanapopaswa kushika kijiko. Mtoto hupimwa uzito kliniki mara kwa mara. Akitimiza miezi sita hupewa pia uji wa wimbi uliotiwa omena iliyokaushwa na kusagwa laini, yai, parachichi, maini, na mboga zilizopondwa. Hupewa matone ya vitamini A, ambayo husaidia utando wa macho na mapafu na kupunguza ukali wa surua. Hulala ndani ya chandarua kila usiku. Chanjo zake hazicheleweshwi kwa sababu ya ufa. Ila madaktari wengi hupenda zipite siku chache baina ya sindano ya chanjo na siku ya upasuaji, ili homa ndogo ya sindano isidhaniwe kuwa ni maradhi.

Wako wauzao chupa sokoni na kudai kwamba kijiko kimoja cha maji yake huongeza kinga ya mwili. Mimi ni mwalimu wala si daktari, lakini hesabu naijua: bei ya chupa moja ya namna hiyo hununua omena na mayai ya siku nyingi. Hakuna dawa ya chupa ifanyayo kazi ya maziwa, chakula, chandarua na chanjo.

Gharama ya upasuaji, iliyowarudisha wengi nyuma, imepungua. Mashirika kama Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, hulipia kazi hiyo ifanywe na madaktari wa nchi yenyewe katika hospitali za nchi yenyewe, badala ya kungoja wageni. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu mpaka sita. Baada ya hapo viwiko vya mikono yake pengine hufungwa vitambaa vigumu kwa siku kadhaa, asipate kuutia mkono kinywani. Hunyweshwa maziwa kwa kijiko, na maji kidogo baadaye ya kusafisha kinywa. Hapati vitu vigumu mpaka kidonda kishikamane. Siku 100 za Wei Yongzhi zimekuwa majuma machache.

Kaakaa hungoja, aghalabu mpaka baina ya miezi 9 na 18, maana mtoto ahitaji kulipata kabla hajaanza kusema sana, lakini si mapema mno. Katika miezi hiyo ya kungoja kinga aliyokopeshwa na mama huisha, naye huanza kutambaa, kuokota vitu chini na kukutana na malaria kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa hiyo anaporudi hospitali mara ya pili, kovu la mdomo likiwa limekwisha kufifia, kazi huanza upya. Daktari hamfungui kinywa kwanza. Muuguzi humvua nguo, humweka katika mizani, humchoma kidole apate tone la damu, na mama husimama kando akisubiri kuambiwa ni gramu ngapi.